Fundi wa Joto

Mota ya mashine ya kusaga ikiungua, harufu hutangulia habari. Vanishi iliyogeuka moshi haijifichi: inakaa kwenye kuta, kwenye magunia, kwenye koti la mwenye zamu, na unga wa mteja wa mwisho unakataliwa nyumbani. Mbeya na Iringa harufu hiyo ina msimu wake. Mahindi yanapoanza kushuka kutoka mashambani, kati ya Juni na Agosti, mashine zilizozoea debe moja moja la jirani huanza kupokea magunia, zinakesha, na mota iliyovumilia mwaka mzima inafika mwisho wa uvumilivu. Inafunguliwa bolti, inapakiwa kwenye guta na kupelekwa kwa fundi wa kusuka mota. Foleni ya wenye mahindi inahamia mtaa wa pili.

Mafundi hawa hawana mabango makubwa. Mwanjelwa, Mbeya, ukiuliza utaelekezwa, Iringa mjini vilevile, na kwenye miji midogo ya barabara kuu ya kwenda Zambia utakuta kibao cha mkono kimeegemezwa ukutani pembeni ya lundo la magamba ya chuma. Watu huwaita mafundi umeme, na wenyewe hawakatai. Mimi nimekaa pembeni ya meza zao kiasi cha kuamini kwamba umeme ni malighafi yao tu. Wanachokishughulikia kutwa nzima ni joto. Wanalipeleka linapotakiwa, wanalizuia linapodhuru, na likishaua wanafuata nyayo zake wajue lilipita wapi.

Kufuata nyayo ndiko kunakoanza. Kifuniko kikitoka, fundi mzuri hashiki kifaa chochote. Anatazama. Ndani ya gamba kuna koili za waya wa shaba zilizopangwa katika makundi matatu, kundi moja kwa kila fezi ya umeme wa njia tatu. Zikiwa nyeusi zote sawasawa, mota ilibebeshwa mzigo kupita uwezo wake au ilinyimwa hewa. Kwenye mota iliyofungwa kwa sta, yaani makundi yote yamekutanishwa mwisho mmoja, makundi mawili yakiwa meusi na la tatu likabaki na rangi yake ya dhahabu, ina maana fezi moja ilikatika, pengine fyuzi ya nguzoni, na zile mbili zilizobaki zikaburuta mzigo wa tatu mpaka zikaungua. Kwenye iliyofungwa kwa delta, yaani makundi yameungana kama pembetatu, mambo hugeuka: kundi moja linaungua, mawili yanapona. Doa jeusi likiwa dogo na mahali pamoja, waya mbili ziligusana baada ya ngozi yao ya vanishi kuchubuka. Mwenye mashine anaeleza kuwa mota ilizima tu yenyewe, na hakukuwa na mzigo wowote wa maana. Fundi anaitikia, “Sawa mzee,” macho yake yakiwa kwenye koili, ambazo zimeshamweleza vingine.

Halafu anahesabu. Mota za kazi hii mara nyingi huwa na sloti 36 au 48. Fundi lazima ajue kila sloti ina raundi ngapi za waya, koili inaruka sloti ngapi kabla ya kurudi, waya una unene gani, na miisho sita ya makundi yale matatu imeunganishwa vipi. Unene hupimwa kwa maikromita baada ya kuichoma ngozi ya vanishi, kwa kuwa ngozi hiyo nayo ina kipimo chake. Hapa uvivu una bei. Waya wa milimita 0.9 ukitumika mahali pa milimita 1.0, jicho halioni tofauti, lakini shaba imepungua kwa asilimia 19, na pungufu lote hilo litalipwa kwa joto.

Majibu ya hesabu hizo huingia kwenye daftari. Ni daftari la kawaida la mwanafunzi, kurasa zimelainika kwa mafuta, kila mota ina mstari wake: nguvu za farasi, sloti, raundi, waya, sta au delta. Kibati cha mota kinataja volti 400, Hezi 50, mizunguko 1,440 hivi kwa dakika, na kadhalika. Habari za koili hakizigusi. Yaliyomo ndani anayajua aliyewahi kufungua. Ndiyo maana daftari la fundi mkongwe haliazimwi, na sioni sababu ya kumlaumu.

Kutoa waya wa zamani ndipo pa kwanza pa kumpimia fundi. Vanishi ikishakauka miaka kadhaa, koili imekuwa kitu kimoja na gamba lake. Njia ya mkato ni kuichoma mota nzima kwenye moto wa mkaa, vanishi ikawa majivu na waya ukavutika bila jasho. Tatizo liko kwenye chuma. Gamba lile limepangwa kwa mabati membamba mengi, kila bati limepakwa utando unaozuia umeme usivuke kwenda kwa bati la pili. Moto ukipita nyuzi 370 hivi, utando huanza kuharibika, mabati yanaanza kupitishiana umeme, na mota hiyo hata isukwe na nani itachemka ikizunguka bila mzigo. Kosa hili mteja halioni dukani kwa fundi. Ataliona kwenye luku. Fundi mvumilivu hukata vichwa vya koili upande mmoja kwa patasi, kisha anavuta waya upande wa pili, sloti baada ya sloti, na mchana unaishia hapo.

Kusuka kwenyewe ni kazi ya vidole. Kila sloti huvikwa karatasi ngumu ya kuzuia umeme usifike kwenye chuma. Koili huviringishwa kwenye kiolezo cha mbao kinachozungushwa kwa mkono, raundi zikihesabiwa chini kwa chini. Ukimsalimia fundi wakati huo hatakujibu, na usidhani ni kiburi. Kisha waya huingizwa kwenye mdomo mwembamba wa sloti, nyuzi chache chache, kwa kidole gumba na kijiti laini, maana ncha ya bisibisi ingechubua ngozi ya vanishi na kupanda mbegu ya mota inayofuata kuungua. Juu yake hugongwa kabari. Za dukani ni za fiba. Zikikosekana, mwanzi mkavu uliochongwa vizuri hutosha, na Iringa, nchi ya ulanzi unaogemwa kwenye mianzi, mwanzi si kitu cha kuagiza Dar es Salaam.

Mwisho ni vanishi na kuoka. Mwenye tanuri hutumia tanuri; asiye nalo huning’iniza balbu kubwa ndani ya gamba, akaifunika mota na kuiacha usiku kucha. Nilidhani zamani vanishi kazi yake ni kugandisha waya zisitikisike. Kumbe kubwa zaidi ni kufukuza hewa. Hewa iliyonaswa kati ya waya na waya hulifungia joto ndani. Vanishi iliyojaa vizuri hulipitisha mpaka kwenye chuma, chuma kikalitoa kwenye mapezi ya nje. Kinga ya waya ina daraja: B huvumilia nyuzi 130, F nyuzi 155. Wahandisi wana kanuni ya siku nyingi kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi hukata umri wa kinga kwa nusu. Mota inayoendeshwa nyuzi 20 juu ya daraja lake, kwa hesabu hiyo, imebakiwa na robo ya maisha yake.

Sasa tuchukue mota inayoenea kwenye kiganja. Gari la mashindano la rimoti, lile la ukubwa wa moja ya kumi ya gari halisi, huendeshwa na mota yenye kipenyo cha milimita 36 hivi. Watoto wa Soweto ya Mbeya au wa Kihesa ya Iringa, wanaounda magari ya mabati na kuyafungia mota ya redio ya kaseti, wanaijua mota ya aina nyingine: waya mbili, betri mbili, inazunguka. Ndani yake kuna vibrashi vinavyosugua rota ili kuipelekea umeme. Kwenye grinda na drili vibrashi hivyo ni vile vipande vya kaboni ambavyo kila fundi seremala ameshawahi kuvinunua. Kaboni husugua, hutoa cheche, hulika. Mota ya kigari cha mashindano haina kaboni. Ina waya tatu, koili zimekaa kwenye gamba, na katikati inazunguka sumaku. Yaani ukiondoa ukubwa na hiyo sumaku, imeumbwa kwa sura ileile ya mota ya kusagia, ambayo nayo haina kaboni.

Undugu huo una historia. Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, mhandisi Mrusi aliyefanya kazi kwenye kampuni ya AEG huko Ujerumani, alitengeneza mota ya fezi tatu mwaka 1889, na mpaka leo anayesaga mahindi Makambako anatumia wazo lake karibu lilivyokuwa. Ila mota hiyo ilihitaji fezi tatu kutoka kwenye nguzo. Betri haina fezi. Mwaka 1962 Wamarekani wawili, T. G. Wilson na P. H. Trickey, walieleza mashine ya umeme wa betri ambayo vifaa vya elektroniki vinafanya kazi ya kaboni: vinaukata umeme vipandevipande na kuugawa kwa koili tatu kwa zamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikapatikana sumaku ya neodimiamu, Japani na Marekani karibu kwa wakati mmoja, na mota ndogo ikapata nguvu isiyolingana na umbo lake. Leo imo kwenye feni ya kompyuta, kwenye droni ya wapima ardhi, kwenye gurudumu la pikipiki ya umeme. Kigari cha mashindano ndicho kinachoitesa kuliko vyote hivyo, na ndiyo maana kinafundisha vizuri.

Kuipima hakuhitaji hata mita. Ziache waya tatu zisigusane, zungusha shafti kwa vidole: nyepesi. Gusanisha mbili, zungusha tena: imekuwa nzito, kwa sababu sumaku inayopita mbele ya koili huzaa umeme, na umeme huo ukipata njia hurudi kumpinga aliyeuzaa. Jaribu jozi zote tatu. Uzito ukiwa sawa, koili ni nzima. Ukikuta jozi laini, kuna waya umekatika. Kipimo hicho hicho, ukiweka maji mahali pa vidole, ni kituo cha umeme. Njombe, iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012, John Fute, anayejulikana zaidi kwa jina la Mzee Pwagu, alijipatia sifa nchi nzima kwa kuzalisha umeme wa maji kwa ubunifu wake na kuwawashia wanakijiji wenzake.

Nirudi mezani, maana tumefika kwenye kulehemu, na hapa ndipo ninapoweza kukaa siku nzima.

Mota ya kusagia hulishwa volti 400, kwa hiyo ampea zake si nyingi. Kigari kina volti 7.4 tu za betri ya lithiamu yenye seli mbili, na nguvu yake yote lazima ije kwa wingi wa ampea: wakati wa kufyatuka mwanzoni, 80 si ajabu. Hesabu ni fupi. Kiungo chenye ukinzani wa sehemu moja ya elfu ya omu, kikipitisha ampea 80, hutoa wati 6.4 za joto, na hiyo ni sehemu isiyoenea ncha ya kidole. Kiungo kibovu mara tatu hutoa wati 19. Hapo risasi inaanza kulainika yenyewe, ukinzani unapanda, joto linapanda nao, na mbio zinaishia kwenye kona.

Waya wa kubeba mkondo huo una shaba ya unene wa milimita 2. Anayejifunza huja na chuma cha kulehemu cha wati 25 au 30, kile cha kurekebishia redio, anakikandamiza kwenye waya na kungoja. Ni kumimina kikombe cha chai ya moto kwenye beseni la maji ya baridi. Joto lote linakimbilia ndani ya waya; risasi inayeyuka kwenye ncha ya chuma tu; plastiki ya waya inaanza kusinyaa; dakika inapita, joto limeshaingia ndani ya mota linatafuta sumaku. Mwisho wake linapatikana donge la kijivu, limekaa juu ya shaba bila kushikana nayo. Ukilivuta linabanduka zima, na chini yake shaba ina rangi ileile iliyokuwa nayo asubuhi.

Mkongwe hufanya kinyume. Anachukua chuma cha wati 60 au zaidi, chenye ncha pana iliyokatwa mshazari, anakipandisha hadi nyuzi 380 au 400, na kazi inakwisha kwa sekunde mbili tatu. Moto mwingi wa muda mfupi hauna nafasi ya kusafiri. Lakini sekunde hizo zimeandaliwa kwa robo saa. Waya umemenywa kwa urefu unaotakiwa tu, nyuzi zake zimesokotwa, na umepakwa risasi peke yake mpaka imenyonywa kati ya nyuzi. Kisahani cha mota kinachopokea waya kimekwaruzwa na kupakwa risasi peke yake. Ncha ya chuma imefutwa na kupewa tone jipya la risasi, kwa kuwa chuma kikavu hugusa kwa nukta moja na tone la kimiminika hugusa kwa upana wake wote. Vinapokutana, vyote vitatu tayari ni vya jamii moja. Asubuhi ya Julai pale Mbeya, upepo wa Mlima Loleza ukipita mlangoni, fundi hugeuza mgongo na kuikinga kazi kwa mwili wake.

Sekunde ya mwisho ndiyo ngumu. Risasi yenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka na kuganda kwenye nyuzi 183, papo hapo. Ile ya 60 kwa 40, inayopatikana zaidi madukani, hupita hali ya uji kwa nyuzi chache, hadi 190 hivi. Mkono ukitikisika katika kipindi hicho, kiungo kinapasuka kwa ndani na sura ya juu inabaki nzuri. Kwa hiyo fundi hutoa chuma, anaendelea kushika waya bila kupumua, anatazama mng’ao wa tone ukibadilika. Kisha anaachia. Kiungo kizuri kina mteremko mwembamba pembeni, kinalala kwenye shaba. Kibaya kina tumbo. (Halafu ananawa mikono kabla ya kushika ugali. Risasi ni sumu, na wanaolisahau hilo ni wengi.)

Katikati ya uzi wa risasi kuna kitu cha njano kinachotoa moshi mtamu. Ni rosini, inayopatikana kwenye utomvu wa mipaini, nayo kazi yake ni kula kutu ya shaba kwa ile sekunde moja inayohitajika, kisha kukauka na kuacha kudhuru. Ninaitaja kwa sababu ya Sao Hill. Anayetoka Iringa kwenda Mbeya hukatiza Mufindi kati ya mipaini ya shamba hilo la serikali, na siku hizi miti yake huvunwa utomvu pamoja na mbao. Fundi aliyeinama Mwanjelwa akivuta harufu ile anavuta harufu ya msitu wa aina hiyohiyo.

Kwenye mota kubwa kulehemu kuna adha ya ziada: waya wa koili umevikwa vanishi pande zote, na risasi haishiki vanishi. Lazima ikwaruzwe kwa wembe kuzunguka waya mzima, pamoja na upande usioonekana. Wapo wanaokwaruza upande wa mbele tu. Mota yao hupita majaribio yote, na inaungua mwezi wa pili.

Baada ya kuunganisha huja kurekebisha, na hapa ndugu wale wawili wanafanana hadi kwenye namba. Mota kubwa ya kusagia huanza kwa sta. Anayebonyeza kitufe hungoja kontakta igonge, sauti ya mota ibadilike, ndipo afungue mahindi. Katika muda huo kila koili inapata volti 230 badala ya 400, na mkondo kutoka kwenye laini unakuwa theluthi. Kisha kontakta inaihamishia delta. Anayefungua mahindi mapema ndiye mteja wa kudumu wa fundi. Ukigawa 400 kwa 230 unapata takriban 1.73, na namba hiyohiyo inatawala kigari: koili zake zikihamishwa kutoka sta kwenda delta, mota inazunguka mara 1.73 zaidi kwa kila volti, lakini nguvu ya kusukuma kwa kila ampea inapungua kwa uwiano huohuo. Hakuna cha bure. Mota ya mizunguko 3,500 kwa volti, ikipewa volti 7.4, ingefika karibu 25,900 kwa dakika bila mzigo. Swali ni itakuwa na joto gani ikifika huko.

Kuna marekebisho mengine ambayo mota ya kusagia haiyajui. Mkondo haujai kwenye koili mara tu unapowashwa. Unachukua muda, mdogo sana, lakini kwenye kasi ya namna hiyo sumaku imeshapita. Kwa hiyo koili huwashwa kabla sumaku haijafika. Vigari vingi vya mashindano vina mota ambayo kifuniko chake cha nyuma, chenye vihisio vinavyosoma sumaku ilipo, hulegezwa skrubu na kuzungushwa nyuzi chache. Nyuzi tano, kasi inapanda. Tano nyingine, inapanda tena, na mkondo unapanda kidogo. Fundi anaiunga mota kwenye betri bila gurudumu, macho kwenye mita ya ampea, anasogeza kifuniko kwa upana wa ukucha. Inafika mahali mkondo unaruka na kasi haiongezeki. Hapo ameshapita, anarudi nyuma, anakaza skrubu. Ningependa vijana wengi waone hatua hiyo ya kurudi nyuma. Wengi wetu tukishaona kinapanda hatuna breki.

Mota ikishafungwa kwenye gari, kinachobaki ni gia ndogo ya shafti. Jino moja likiongezeka, mwendo wa mwisho unaongezeka na joto vilevile. Gari linaendeshwa dakika tano, linasimamishwa, mota inapimwa. Sumaku za kawaida za neodimiamu huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80, na zikishapoteza hazirudishi zikipoa, kwa hiyo fundi huacha nafasi, anasimamia 70. Asiye na kipimajoto hutumia kiganja: nyuzi 50 kinavumilia, 60 kinajiondoa chenyewe. Kwenye mashine ya kusaga gia hiyo ni puli. Mwenye mashine anafunga puli kubwa kwenye mota ili asage haraka kuliko jirani yake, na kwa wiki moja anamshinda kweli.

Nyanda za Juu zina neno lao katika haya yote. Mota za viwandani hupewa kiwango cha nguvu zikihesabiwa kufanya kazi mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye hewa isiyozidi nyuzi 40. Iringa iko zaidi ya mita 1,500, Mbeya karibu 1,700. Hewa ya huku ni nyepesi, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Kwa upande wa pili ni ya baridi, na baridi hiyo inarudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Kwa kanuni, basi, mota ya Uyole, Mbeya, haina sababu ya kuionea wivu ya Kariakoo, Dar es Salaam. Lakini mashine zetu zimefungiwa kwenye vibanda vya dirisha moja, na vumbi la unga limejaza mapezi ya mota mpaka yamekuwa ukuta. Nimemwona fundi akiitwa kutazama mota inayochemka, akaomba brashi ya kupakia rangi, akaifagia, akalipwa nauli, akaondoka. Hiyo nayo ni kusuka mota.

Wanajifunza wapi? VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina vyuo Mbeya na Iringa, na ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi unaowapima waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1986, hufundisha nadharia kwa kina. Lakini wengi niliowatazama walianza kwa kufagia, kisha kuvuta waya wa zamani, na walikaa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kuhesabu raundi. Kijana anayesoma uhandisi akikaa likizo moja hapo angepata kitu ambacho maabara haina: mota mia zilizokufa vifo tofauti. Na fundi angepata mtu wa kumweleza kwa nini 1.73.

Siku ya kukabidhi, mota hupimwa kwa mega, kipimo cha kinga, ya volti 500 kati ya koili na gamba. Chini ya megaomu moja hairuhusiwi kutoka, na iliyosukwa vizuri huonyesha mamia. Inawashwa bila mzigo. Mita inabanwa kwenye fezi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na namba zinatakiwa zikaribiane sana. Zikitofautiana, huenda kuna koili yenye raundi pungufu na kazi inarudi mezani, hata kama mteja ameshika hela mkononi. Ikizunguka upande usiotakiwa, fezi mbili zinabadilishana nafasi. Inaachwa ikinguruma nusu saa, fundi anapitisha kiganja kuanzia kwenye beringi ya mbele hadi feni ya nyuma, anarudi tena kwenye beringi.

Kisha anamshauri mwenye mashine afunge kifaa cha kulinda fezi, kisichozidi ukubwa wa kiberiti kikubwa, kinachozima mota mara fezi moja inapokatika. Mwenye mashine anauliza bei. Anasema ni kweli kinahitajika, ila mwezi huu ada za watoto, atakuja kukichukua. Fundi habishani naye. Anatoa kitabu cha risiti, anaandika kiasi, anaandika dhamana ya miezi mitatu, na chini yake, kwa herufi kubwa, anaongeza: FEZI IKIKATIKA HAIHUSIKI.